Siku Farao Alipoamini Habari Tamu: Uchambuzi wa Kisa cha Kadesh

Kisa kwa ufupi

Mfalme ameketi kwenye kiti cha dhahabu. Kambi bado inapigwa, farasi wanafunguliwa hatamu, punda wanashushwa mizigo. Askari wanawaleta watu wawili waliokamatwa wakichungulia. Hawataki kusema. Wanapigwa fimbo mpaka ndimi zinalegea: mfalme wa Wahiti hayuko mbali huko kaskazini kama ulivyoambiwa. Yuko hapa hapa, nyuma ya mji, na watu wake ni wengi kuliko mchanga wa ufukweni.

Wakati maneno hayo yanatamkwa, sehemu kubwa ya jeshi la Misri bado iko njiani.

Hicho ndicho kisa cha Kadesh, takribani mwaka 1274 K.K., mwaka wa 5 wa utawala wa Ramesses wa Pili. Katika vita vyote vya Wamisri wa kale, hiki ndicho ninachokipenda kufundishia, kwa kuwa tunaweza kukifuata karibu hatua kwa hatua: kambi ilikuwa wapi, nani alisema nini, nani alichelewa. Ramesses mwenyewe alikichonga kwenye mahekalu ya Abydos, Karnak, Luxor, Ramesseum na Abu Simbel. Alikichonga kwa picha, kwa utenzi mrefu, na kwa taarifa fupi iliyoandikwa kama ripoti ya jeshi. Anayezijua tendi zetu za vita hatashangazwa na huo utenzi wake: shujaa mmoja, maadui wasio na idadi, na dua inayojibiwa papo hapo.

Uchambuzi wa namna hii una desturi ya kuficha majina. Wafalme siwezi kuwaficha, maana walijitangaza wenyewe kwa nyundo na patasi. Wengine walikwisha kufichwa na waandishi wa Farao zaidi ya miaka 3,200 iliyopita. Maofisa wa upelelezi waliozembea wametajwa kwa vyeo tu. Wabedui wawili walioleta habari za uongo hawana majina, wala hana jina kamanda wa kikosi kilichokuja kuokoa jahazi. Miongoni mwa waliobahatika kutajwa ni mwendesha gari la mfalme, Menna, na farasi wawili wa mfalme. Nitalirudia jambo hili mwishoni, kwa sababu orodha ya waliotajwa na wasiotajwa ni ushahidi kama ulivyo ushahidi wa michongo.

Usuli: mji ulioko njia panda

Kadesh leo ni kilima cha magofu kinachoitwa Tell Nebi Mend, kusini-magharibi ya mji wa Homs nchini Syria. Mji ulikaa mahali ambapo kijito kinaungana na mto Orontes, hivyo maji yaliuzunguka karibu pande zote. Waarabu huuita mto huo al-Asi, yaani mwasi, kwa sababu unatiririka kuelekea kaskazini wakati mito mingine ya eneo hilo haifanyi hivyo. Msomaji wa Kiswahili atalitambua neno hilo bila kamusi.

Atakayeshika Kadesh hushika mlango. Jeshi linalopanda kutoka kusini kupitia bonde la Beqaa hutokea hapo. Linalotoka pwani ya bahari ya Mediterania kupitia pengo lililoko kati ya milima hutokea karibu na hapo. Mbele yake ni tambarare nzuri ya magari ya farasi, hadi mji wa Halab (Aleppo). Kwa hiyo Misri na Hati, dola ya Wahiti iliyokuwa katika nchi tunayoiita Uturuki, ziligombania mji huo vizazi kwa vizazi. Seti wa Kwanza, baba yake Ramesses, aliwahi kuuteka na kuacha jiwe lake la kumbukumbu pale pale. Baadaye mji ukarudi mikononi mwa Wahiti.

Cheche ya vita hii ilitoka jirani. Nchi ndogo ya Amurru, iliyokuwa kati ya Kadesh na bahari, ilikuwa chini ya Wahiti. Mfalme wake, Benteshina, akahamia upande wa Misri. Muwatalli wa Pili, mfalme wa Hati, hakuweza kulimeza hilo. Kibaraka mmoja akiondoka bila adhabu, wengine watauliza kwa nini wao wabaki. Akaita jeshi lake na majeshi ya marafiki, vibaraka na watu wa kukodiwa. Orodha ya Wamisri inataja Naharin, Arzawa, Lukka, Karkemishi, Ugarit, Halab na wengine wengi.

Ramesses naye alikuwa kijana mwenye deni la kulipa. Baba yake aliuteka mji, yeye ameukuta umepotea.

Jeshi lililotoka Misri

Tusiangalie jeshi hili kama lilikuwa hivyo tangu enzi za piramidi. Waliojenga piramidi hawakuwa na gari la vita hata moja. Farasi na magari yalienea Misri wakati Wahyksos, watu wenye asili ya Asia, walipotawala eneo la delta ya Nile, takribani kati ya mwaka 1650 na 1550 K.K. Farao Ahmose alipowafukuza, aliwafukuza kwa silaha ambazo Wamisri walijifunza kutoka kwao: gari jepesi, upinde uliounganishwa kwa mbao, pembe na kano, na upanga uliopinda. Aliyefukuzwa ndiye aliyefundisha. Tangu hapo Misri ikawa dola yenye jeshi la kudumu linalotoka nje ya mipaka yake kila Farao anapoona haja.

Gari la Wamisri lilikuwa la watu wawili, mmoja ameshika hatamu na mwingine upinde. Magari 6 yaliyopatikana mwaka 1922 kwenye kaburi la Tutankhamun, aliyekufa nusu karne tu kabla ya Kadesh, yanaonyesha ufundi wake: mbao zilizopindwa kwa ustadi, ngozi, magurudumu membamba. Liliundwa likimbie, ligeuke ghafla, lirushe mishale na kuondoka. Gari la Wahiti katika michongo ya Ramesses linabeba watatu: mwendeshaji, mshika ngao na mpiganaji. Lilikuwa zito zaidi, la kuvunja mstari wa askari kwa kishindo. Tofauti hiyo itatusaidia kuelewa mchana wa siku ile.

Ramesses aligawa jeshi kuu katika vikosi vinne, kila kimoja na jina la mungu: Amun, Ra, Ptah na Seth. Watafiti wengi hukadiria kila kikosi kuwa na watu kama 5,000, askari wa miguu pamoja na magari. Ndani yake walikuwemo pia Washerden, maharamia wa baharini waliotekwa na kuingizwa jeshini. Na kulikuwa na kikosi cha tano ambacho wengi hukipita haraka wanaposoma. Waandishi walikiita Na'arin, neno la Kisemiti lenye maana ya vijana. Hiki hakikuandamana na mfalme. Kilikuwa upande wa pwani, katika nchi ya Amurru, na kilitakiwa kufika Kadesh kwa njia yake chenyewe.

Mfululizo wa matukio

Jeshi lilivuka ngome ya Tjaru, mlango wa mashariki wa Misri, siku ya 9 ya mwezi wa pili wa kiangazi. Mwezi mmoja kamili baadaye, Ramesses aliamka kwenye mwinuko ulioko kusini ya Kadesh. Alfajiri hiyo alikuwa na vikosi vinne vyote nyuma yake, katika mstari mrefu wa watu, punda, magari ya ng'ombe na vumbi.

Akateremka na kikosi cha Amun kuelekea kivuko cha mto karibu na mahali panapoitwa Shabtuna. Hapo ndipo wakaja wale Wabedui wawili wa kabila la Shasu. Walisema ndugu zao, wakubwa wa kabila, wako pamoja na Wahiti ila wanataka kuhamia kwa Farao. Akawauliza: wako wapi? Wakajibu kwamba Mhiti yuko nchi ya Halab, kaskazini ya mji wa Tunip, na anaogopa kuja kusini tangu aliposikia Farao anakuja. Halab ni zaidi ya kilomita 150 kutoka Kadesh. Taarifa ya Ramesses inakiri wazi kwamba watu hao walikuwa wametumwa na Muwatalli ili jeshi la Misri lisijipange kupigana.

Mfalme akavuka mto. Akasonga mbele na Amun peke yake, akapiga kambi kaskazini-magharibi ya mji, ngao zikasimamishwa kuzunguka kama ua. Kikosi cha Ra kilikuwa nyuma kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 10, kikivuka mto. Ptah kilikuwa nyuma zaidi, na Seth hakikuwa karibu hata kidogo.

Ndipo wakakamatwa wale wapelelezi wawili wa Kihiti tuliokutana nao mwanzoni. Fimbo zikafanya kazi yake. Mfalme akaita maofisa, akawasomea walichosema wapelelezi, akawageukia kwa hasira: kila siku mnaniambia Mhiti yuko Halab! Maofisa wakakubali kwamba kosa ni kubwa, la wasimamizi wa nchi za nje na maofisa wa Farao. Waziri akatumwa mbio kukihimiza kikosi cha Ptah. Familia ya mfalme ikaondolewa upande wa hatari.

Wakiwa bado wanazungumza, magari ya Wahiti yalitokea upande wa kusini wa mji, yakavuka mto na kukipasua kikosi cha Ra katikati. Askari wa Ra walikuwa wanatembea. Hawakuwa wamejipanga, wala hawakujua kuna adui. Ilikuwa kama msafara wa harusi unapovamiwa barabarani. Utenzi unataja magari 2,500, watu watatu kila gari. Tukiikubali hesabu hiyo, ni watu 7,500 wanaoingia kwa kishindo ubavuni mwa msafara. Walionusurika wakakimbia kaskazini kuelekea kambi ya mfalme, wakiwa wameburuza nyuma yao hofu na maadui pamoja. Askari wa Amun wakaona ndugu zao wanakuja wakikimbia, nao wengi wakakimbia.

Wahiti wakavunja ua wa ngao na kuingia kambini. Na hapo, kwa mujibu wa wanahistoria wengi wanaoisoma michongo hiyo, wengi wao walianza kupora: hema, vyombo, vitu vya mfalme.

Ramesses akavaa deraya, akapanda gari, akawashambulia waliokuwa wametawanyika kambini na pembeni yake. Menna, aliyeshika hatamu, aliogopa na kumsihi waondoke. Utenzi haukuficha hilo. Mfalme akamlalamikia mungu Amun: nimekukosea nini, baba hamwachi mwanawe. Kisha akashambulia mara 6. Farasi wake walikuwa na majina, tafsiri yake ni Ushindi-katika-Thebes na Mut-ameridhika, na baada ya vita aliapa kuwalisha kwa mkono wake kila siku kwenye jumba lake, kwa sababu wao, asema, ndio waliobaki naye.

Kisha wakafika Na'arin kutoka pwani, wakiwa wamepangika, na kuwakuta Wahiti kambini wakiwa wametawanyika. Mizani ikageuka. Muwatalli, aliyekuwa ng'ambo ya mto na askari wake wa miguu, akatuma magari mengine 1,000, mengi yakiongozwa na wafalme na wakuu wa nchi rafiki. Nayo yakasukumwa mpaka mtoni. Michongo inaonyesha watu na farasi wakizama, na mfalme wa Halab akishikwa miguu juu kichwa chini ili atapike maji. Nadhani mchongaji aliifurahia kazi hiyo.

Jioni Ptah kikafika. Asubuhi yake kulikuwa na mapigano mengine ambayo utenzi unayaeleza kwa kuficha ficha. Wapo watafiti wanaosoma mistari hiyo kama adhabu ya mfalme kwa askari wake waliokimbia. Baada ya hapo, kwa maelezo ya Wamisri, Muwatalli aliandika barua ya kuomba amani, Ramesses akakubali, akarudi nyumbani.

Maamuzi, na kwa nini yalionekana ya busara

Ni rahisi kumcheka Farao tukiwa tumekaa mezani. Wanafunzi wangu humcheka. Basi nawauliza: ungefanya nini ungekuwa kwenye kivuko kile, asubuhi ile, na habari zile?

Kugawa jeshi katika vikosi vinne vyenye nafasi kati yake lilikuwa jambo la lazima. Watu 20,000 na wanyama wao hawawezi kupita bonde moja kwa pamoja. Maji ya kunywa hayatoshi, majani ya farasi hayatoshi, njia ni nyembamba. Kila jeshi la zama zile lilifanya hivyo. Nafasi kati ya vikosi si kosa mpaka adui awe karibu.

Kuharakisha pia kulikuwa na mantiki. Kama Muwatalli kweli yuko Halab, Kadesh uko karibu wazi. Anayefika kwanza anachagua mahali pa kupigana, anawazuia wenyeji wasiongeze chakula ndani ya kuta, na anamkuta adui anayekuja akiwa amechoka. Kamanda mzuri huiona nafasi hiyo na kuikimbilia.

Kuwaamini wale Wabedui ndiko kunakohitaji maelezo. Walijitambulisha kama waasi wa upande wa pili, na waasi ndio wapelelezi wa kawaida wa vita vya eneo lile. Benteshina mwenyewe alikuwa mwasi. Zaidi ya yote, walileta habari aliyotaka kuisikia. Adui anaogopa. Adui yuko mbali. Wewe ni simba. Waswahili husema sikio halilali na njaa, lakini sikio la mfalme hulishwa asali tu, na anayelilisha mara nyingi ni mtu wake wa karibu. Ndiyo maana hasira yake kwa maofisa inanishangaza kidogo. Kama walikuwa wakimwambia kila siku kwamba Mhiti yuko Halab, basi Wabedui hawakumdanganya peke yao. Walithibitisha tu kile ambacho makao yake makuu yalikuwa yakikiamini.

Uamuzi ambao haupewi sifa unazostahili ni ule wa kuweka kikosi pwani ya Amurru. Ulifanywa kabla, kwa utulivu, labda ili kulinda nchi iliyotoka kuasi Wahiti na kuja Kadesh kutoka upande wa magharibi. Ulikuwa uamuzi wa mtu ambaye hakuwa na uhakika. Ule wa kivukoni ulikuwa uamuzi wa mtu mwenye uhakika kabisa.

Matokeo

Kadesh haukutekwa. Amurru ikarudi kwa Wahiti, Benteshina akaondolewa kitini na kupelekwa Hati. Majeshi ya Wahiti yakasonga kusini mpaka nchi ya Upi, eneo la Damascus, likawekwa chini ya Hattusili, mdogo wake Muwatalli. Kumbukumbu za Wahiti zilizopatikana Hattusa, mji wao mkuu, zinasema mfalme wa Misri alishindwa. Kumbukumbu za Ramesses zinasema kinyume chake, na zimechongwa kubwa zaidi.

Kwa kipimo cha ramani, Ramesses alishindwa. Kwa kipimo cha mchana ule mmoja, aliponea chupuchupu na kubaki na uwanja. Mtu anayetaka jibu la neno moja hatalipata hapa.

Miaka mingi ya mivutano ikafuata. Muwatalli akafa, mwanawe Urhi-Teshub akatawala, kisha Hattusili akampindua mpwa wake huyo, naye akakimbia na hatimaye kuishia Misri. Hattusili wa Tatu, mfalme aliyepindua, alihitaji kutambuliwa, na Waashuru walikuwa wanapanda juu upande wa mashariki. Mwaka wa 21 wa Ramesses, takribani 1259 K.K., pande mbili zikafunga mkataba ulioandikwa kwenye mabamba ya fedha: kutoshambuliana, kusaidiana adui wa tatu akija, kurudishiana wakimbizi kwa sharti la kutowaadhibu wao, wake zao wala nyumba zao. Nakala ya Kimisri iko ukutani Karnak. Nakala za lugha ya Akadi, kwenye udongo, zilifukuliwa Hattusa mwaka 1906, na mfano wake umetundikwa makao makuu ya Umoja wa Mataifa, New York. Kadesh ulibaki upande wa Wahiti. Katika mwaka wa 34 wa utawala wake, Ramesses akamwoa binti wa Hattusili.

Uchambuzi: kilichoharibika

Kosa la kwanza ni la upelelezi, na halikuanza kivukoni. Jeshi kubwa la Wahiti na washirika wake lilijikusanya, likatembea, likajificha nyuma ya kilima cha mji, na hakuna Mmisri aliyeliona. Kadesh si msitu. Watu maelfu na farasi maelfu hutoa vumbi, moshi na mavi. Mpanda farasi mmoja angetumwa kuzunguka upande wa mashariki wa mji asubuhi ile, mambo yangekuwa mengine. Habari ya Wabedui haikuhakikishwa kwa njia ya pili, na hilo ndilo kosa ambalo halina utetezi. Kuamini habari si kosa. Kuiamini bila kumtuma mtu kuihakikisha ndio kosa.

La pili: baada ya kuiamini, mfalme alikwenda mbele ya nguvu zake mwenyewe. Kikosi cha Amun kilifika mapema kiasi cha kushindwa kusaidia na kusaidiwa. Kikosi cha Ra kilibaki katikati, bila mlinzi ubavuni, mahali ambapo kila kitabu cha vita kingeonyesha kwa kidole.

La tatu liko upande wa pili, nalo Wamisri walikuwa wamelionja karibu miaka 180 kabla. Mwaka 1457 K.K., Farao Thutmose wa Tatu alipigana Megiddo, mji wa Kanaani. Maofisa wake walimwonya asipite njia nyembamba ya Aruna, ambako farasi angefuata farasi na mtu angefuata mtu. Akapita, adui hakuwa amemtarajia hapo, akashinda mapigano ya uwanjani. Lakini askari wake waliacha kuwafukuza maadui wakaanza kuokota mali, na wale waliokimbia wakavutwa juu ya kuta za mji kwa nguo zao. Misri ikatumia miezi 7 kuuzingira mji ambao ungeanguka siku hiyo hiyo. Wakapata ngawira za kutosha, yakiwemo magari 924 na farasi 2,041, lakini miezi 7 ni miezi 7. Kadesh, ni Wahiti waliopora, na ni Misri iliyonufaika. Nimeviweka visa hivi viwili pamoja kwa sababu askari aliyeona hema la mfalme ni yule yule, awe amezaliwa Nile au Anatolia. Mshahara wake mkubwa ni ngawira, na kamanda asiyepanga mapema nani ataigawa na lini, atalipoteza jeshi lake mlangoni mwa hema.

Muwatalli naye ana la kujibu. Mtego wake ulikuwa wa kupigiwa mfano, kisha hakuumalizia. Michongo inasema alikuwa na vikundi viwili vya askari wa miguu, 18,000 na 19,000; hesabu hiyo ni ya adui yake na ina sababu ya kutiwa chumvi, lakini hata robo yake ingetosha. Hakuwavusha mto. Alituma magari, na magari peke yake huvunja lakini hayashiki. Gari likikosa kasi, limekuwa kibanda chenye farasi wawili walioshtuka, na ndani ya kambi iliyojaa kamba za hema, punda na mizigo, gari zito la watu watatu lilikosa kasi mapema. Magari mepesi ya Wamisri yakizunguka nje na pinde zao yalikuwa kwenye mchezo wao.

Uchambuzi: kilichofaa

Simdharau Ramesses kwa ujasiri. Mfalme akikimbia mchana ule, jeshi lote lingekimbia. Hata tukitoa chuku yote ya utenzi, walinzi wake na magari machache waliokuwa karibu naye waliwashughulisha Wahiti kwa muda uliotosha. Muda huo ndio uliokuwa na thamani, sio idadi ya maadui aliowaangusha.

Kutosha kwa nini? Kwa Na'arin kufika. Hapa ndipo wanafunzi wengi huniambia ilikuwa bahati, nami sikubaliani nao kabisa. Siku ya kufika ingeweza kuwa nyingine, hilo kweli. Lakini kikosi kilikuwepo kwa sababu mtu fulani, kabla ya safari, alikataa kuweka jeshi lote kwenye njia moja. Kisha kikafika kimejipanga, wakati vikosi vingine vilikuwa misafara. Ukiitazama siku hiyo bila utenzi masikioni, pigano liliokolewa na mpango wa zamani uliofanywa kwa tahadhari, likiwa limeharibiwa na mpango mpya uliofanywa kwa furaha.

Utenzi unamtaka Ramesses peke yake: hakuna ofisa pamoja nami, hakuna mwendesha gari, hakuna askari. Ukutani, hata hivyo, wachongaji walichora walichokiona au walichoambiwa. Karibu na kambi inayoporwa, askari wa Na'arin wanakuja kwa safu zilizonyooka, ngao bega kwa bega, magari pembeni, na maandishi juu yao yanasema wamefika na kuwakuta maadui wameizunguka kambi ya Farao, wakawaangamiza. Ni safu nadhifu kuliko zote kwenye ukuta ule. Mfalme ana jina kubwa ndani ya fremu yake, Menna ana jina, farasi wana majina. Aliyewaleta vijana wale kutoka pwani hakuandikwa.